UZI: AC ya magurudumu kwa chumba cha miche kilichozibwa – kabla hujauliza BTU, uliza hewa inatoka wapi

MicheSafi_Kisumu

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwezi huu watu watatu wanaoanzisha vyumba vya miche ya tishu wamenipigia simu, na wote wameniuliza jambo moja: ninunue AC ya magurudumu ya BTU ngapi, yaani ya nguvu gani ya kupoza? Mimi pia nilianza na swali hilohilo. Lilinigharimu chupa 640 za migomba.

Kwa wasioijua kazi hii: tunakata ncha ya chipukizi la mgomba, tunaisafisha, tunaipanda kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa, kile cha fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, kisha chupa zinakaa kwenye rafu chini ya taa saa 16 kwa siku. Mkulima wa Vihiga au Kisii akichukua mche huo, habebi mnyauko wa bakteria wala fukusi kutoka shamba la jirani. Ndiyo maana naipenda kazi hii. Lakini chakula cha mche ni chakula cha kuvu pia, na kuvu hukua haraka kuliko mgomba.

Chumba changu kiko upande wa Mamboleo, futi 10 kwa 12. Kinatakiwa kikae digrii 25, kikipanda au kushuka isizidi mbili. Mchana wa Kisumu mnaujua, digrii 30 ni kawaida, na juu yangu kuna mabati. Dirisha nimeliziba kwa plastiki na silikoni, mlango una mpira kuzunguka fremu, kuta zimepakwa rangi ya mafuta ili zipanguswe kwa dawa. Nimekiziba kwa sababu ya kuvu. Habari ya baridi ilikuja baadaye, taa zilipowashwa.

Nikaenda dukani mjini nikauziwa AC ya magurudumu, BTU 12,000, yenye paipu moja nene ya kutolea joto. Muuzaji alinihakikishia inatosha hata chumba mara mbili ya changu. Wiki ya kwanza nilifurahi sana, kipimajoto kilisoma 25. Wiki ya tatu zikaanza chupa zenye ukungu wa kijani, kisha mweusi wa unga. Nilimlaumu binti anayenipandikizia. Nilimwambia hachomi visu vizuri. Alinyamaza, akarudia kazi yote kwa uangalifu, na ukungu ukazidi.

Yeye ndiye aliyeona kitu. Aliniambia, "Baba, mbona rafu ya mlangoni ndiyo inaoza zaidi?" Jioni hiyo tuliwasha kijiti cha udi tukakishika chini ya mlango, kwa nje. AC ikiwa imezimwa, moshi ulipanda wima. Tulipoiwasha, moshi wote uliinama ukaingia ndani kama unavutwa kwa mrija. Mpira wa mlango ulikuwa na pengo dogo kwenye kona, na hapo ndipo chumba kilipokuwa kinavutia pumzi.

Nilimwomba msamaha siku hiyohiyo.

Hili ndilo ambalo hakuna aliyeniambia. AC ya paipu moja inachota hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye koili ya moto ili ibebe joto, halafu inaitupa nje. Mashine ya kawaida ya aina hii inatupa mita za ujazo 300 au zaidi kwa saa. Chumba changu kizima ni kama mita za ujazo 30. Maana yake hewa yote ya chumba inatupwa nje mara kumi kwa saa, na iliyotoka lazima ijazwe. Inajazwa kutoka popote palipo na ufa: chini ya mlango, kwenye tundu la waya, darini ambako popo wamelala. Chumba ulichokiziba kwa wiki mbili kinafunguliwa na mashine uliyoileta kukisaidia.

Na hata ukiuweka ukungu kando, hesabu ya baridi yenyewe inaharibika. Mita 300 za hewa ya digrii 30 zikiingia kwenye chumba cha 25 zinaleta joto la karibu wati 440 kila wakati, na hapo sijahesabu unyevu wa ziwa unaokuja nao. Unalipia stima ya kupoza hewa, halafu unaitupa nje na kuingiza ya moto.

Viazi_Nakuru

Asante kwa kuandika haya waziwazi. Mimi niko Nakuru, nazalisha miche ya viazi ya chupa kwa ajili ya mbegu, na wiki ijayo nilikuwa niende kununua AC kama hiyo yako. Maswali mawili. BTU unahesabuje? Na je, mashine yenye paipu mbili inaondoa tatizo?

MicheSafi_Kisumu

Karibu ndugu. BTU nitaeleza kwa chumba changu, wewe uweke namba zako.

Anza na taa. Umeme wote unaoingia kwenye taa ndani ya chumba kilichozibwa unaishia kuwa joto, hata kama ni LED. Mwangaza ukigonga jani au ukuta unageuka joto. Nina rafu nne, kila rafu ngazi tano, kila ngazi taa mbili za wati 18. Hiyo ni taa 40, wati 720. Wati moja ni BTU 3.41 kwa saa, kwa hiyo taa pekee ni kama BTU 2,460. Paa na kuta: watu wa AC huchukulia BTU 20 kwa futi moja ya mraba kwa chumba cha kawaida, mimi niliweka 30 kwa ajili ya mabati, nikapata 3,600. Mtu mmoja anayefanya kazi ndani ni kama 400. Jumla inakaribia 6,500. Ongeza kidogo ili mashine isihangaike saa nane mchana wa Februari, unafika 8,000 hivi.

Sasa utasema 12,000 yangu ilikuwa ya kutosha na kubaki. Hapana, maana namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la AC ya magurudumu haihesabu hewa moto inayovutwa ndani wala joto la paipu yenyewe. Marekani waliweka kipimo kingine kinachohesabu hayo, kinaitwa SACC, na mashine ya 12,000 kwa kipimo hicho mara nyingi inashuka hadi 6,000 au 8,000. Ukikuta SACC imeandikwa kwenye kibandiko, fuata hiyo. Isipoandikwa, chukulia nusu ya namba ya boksi na ununue kwa hesabu hiyo.

Paipu mbili: ndiyo, inaondoa sehemu kubwa. Paipu moja inaleta hewa ya nje kwenye koili ya moto, ya pili inairudisha nje, na hewa ya chumba inabaki chumbani. Shida ni kuipata. Katika maduka niliyozunguka Kisumu, nyingi zina paipu moja, na wauzaji wengine hawajui tofauti. Kuna na zile zenye paipu moja iliyo ndani ya nyingine. Kwa nje inaonekana moja nene. Usikubali maneno. Geuza mashine, tafuta inakovuta hewa ya koili ya moto. Ukiona matundu mawili makubwa ya duara nyuma, hiyo ni ya paipu mbili. Ukiona moja, na pembeni matundu madogo ya wavu juu na chini, hiyo inavuta chumba.

Fundi_Kondele

Mimi ni fundi wa friji na AC miaka mingi. Aliyoandika mwenye uzi ni kweli, lakini nikubaliwe kusahihisha jambo moja na kuongeza mawili.

Kuchukulia nusu ya namba ya boksi ni kukaza mno kwa mashine nzuri, na kwa mashine mbovu bado ni kulegeza. Mimi ninachomwambia mteja ni asome wati zinazoingia. AC ya magurudumu inayokula wati 1,300 haiwezi kutoa maajabu, hata boksi liandike nini.

La pili, paipu. Watu wanaongeza paipu iwe mita tatu nne ili ifike dirisha la mbali. Feni iliyo ndani haikutengenezwa kwa urefu huo. Hewa inarudi nyuma, koili inachemka, kompresa inajizima au inaungua. Tumia ileile iliyokuja nayo, inyooshe, ifunge sufi ya kuzuia joto kwa nje kwa sababu inakuwa hita ndani ya chumba chako. Na tafadhali msielekeze joto darini. Nimekuta vyumba vitatu hapa mjini joto linatupwa darini, dari inakuwa tanuri, mwenye nyumba analalamika AC ni mbovu.

La tatu, stima. Hapa kwetu inapotea na kurudi kwa kishindo. Kabla hujalipa dukani, washa mashine, iache ipoze, chomoa plagi kwenye soketi, subiri dakika tano, chomeka tena bila kugusa kitufe. Ikiwaka yenyewe, nunua. Ikibaki imelala, iache hapo. Stima ikikatika saa saba usiku na kurudi saa saba na robo, taa zako zinazojiwasha kwa saa ya taimu zitawaka na AC haitawaka, na asubuhi utakuta chumba kimechemka. Halafu weka kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika tatu. Kompresa haitaki kuanza huku gesi bado ina shinikizo.

MicheSafi_Kisumu

Fundi, asante sana. Jaribio hilo la kuchomoa plagi lingeniokoa usiku mmoja ambao sijausimulia. Na kuhusu kuchukua nusu, nakubali, tufuate wati.

MamaUyoga_Kakamega

Habari zenu. Mimi nakuza uyoga wa mamama, sijui kama haya yananihusu. Chumba changu nacho nimekiziba kwa nailoni.

MicheSafi_Kisumu

Mama, yako ni tofauti. Uyoga unapumua na kutoa hewa chafu kwa wingi, ukiuzibia unatoa shina refu na kofia ndogo. Wewe unahitaji hewa ibadilike, na unahitaji unyevu wa asilimia 85 hadi 90. AC yoyote inakausha hewa, kwa hiyo itakupa kazi ya kurudisha maji siku nzima. Kakamega si joto kama kwetu. Ningekuwa wewe ningeanza na kivuli, dari chini ya mabati na sakafu yenye maji, na pesa ya AC ningenunulia mbegu ya uyoga.

Mpangaji_Milimani

Wadau, kuna zile "AC" za kuweka maji na barafu, bei yake ni robo ya AC ya kweli na hazina paipu kabisa. Kama tatizo ni paipu, si hizo ndizo suluhisho?

Fundi_Kondele

Ndugu yangu, kile si AC, ni feni yenye maji. Joto halitoki chumbani, linageuzwa kuwa unyevu tu. Kwenye chumba kilichozibwa, baada ya saa moja una chumba cha moto kilicholowa. Kuhusu barafu: kilo moja ikiyeyuka kwa saa nzima inaondoa wati 93 tu. Mwenye uzi ana wati 720 za taa peke yake. Angehitaji karibu kilo nane za barafu kila saa kwa taa tu, na friji iliyogandisha hiyo barafu inatoa joto mahali pengine nyumbani kwake.

Mashine inayopoza chumba lazima iwe na mahali pa kutupia joto nje. Ukiambiwa haina paipu wala koili ya nje, mwambie muuzaji akuonyeshe joto linakwenda wapi.

Viazi_Nakuru

Nirudi kwa kwangu. Nimepiga hesabu kama ulivyosema, taa zangu ni wati 430 tu, lakini viazi vinataka baridi zaidi ya ndizi, mimi nakaa 20. Usiku wa Nakuru ni baridi yenyewe. Je, bado nahitaji AC?

MicheSafi_Kisumu

Hapo ndugu una bahati ambayo sisi wa ziwani hatuna. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, sisi tuko kama 1,130. Fanya jambo ambalo lilinisaidia kuliko mashine yoyote niliyonunua, na halina gharama: geuza saa za taa. Mmea kwenye chupa haujui jua limechomoza lini. Mimi sasa nawasha taa saa kumi na mbili jioni na kuzima saa nne asubuhi. Giza la saa nane linaangukia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wakati mabati yanawaka. Joto la taa na joto la jua hayakutani tena. Kilele cha mchana chumbani kwangu kilishuka hadi AC ikawa inapumzika.

Wewe ukifanya hivyo, taa zitawaka usiku wa baridi, na unaweza kupoza kwa hewa ya nje iliyochujwa. Feni inayosukuma hewa ndani kupitia chujio la HEPA, lile laini sana linalonasa hata mbegu za kuvu, mbele yake chujio la bei nafuu la kuzuia vumbi, maana vumbi la Nakuru litaziba HEPA kwa wiki chache. Isukume ndani, isivute nje. Chumba kikiwa na shinikizo kubwa kidogo kuliko nje, kila ufa unatoa hewa badala ya kuingiza. Rudia jaribio la udi: ukishika mlangoni, moshi unapaswa kukukimbilia wewe uliye nje. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, huenda AC ndogo ikatosha kwa saa chache za joto.

Mpangaji_Milimani

Samahani kwa swali la feni ya maji, nimeelewa. Swali langu halisi ni hili. Nimepanga, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kwa hiyo AC ya ukutani siwezi. Na paipu mbili sijaipata. Nifanyeje?

Fundi_Kondele

Una njia mbili ninazoweza kuzisimamia. Ya kwanza, chukua ya paipu moja, tengeneza kisanduku cha plaiwudi juu ya wavu ule wa chini nyuma, ambao ndio unavuta hewa ya koili ya moto, unganisha paipu ya pili hadi dirishani. Itakuwa ya paipu mbili ya kujitengenezea. Hakikisha umefunika wavu wa chini tu, ule wa juu ni wa hewa ya chumba. Paipu mpya isiwe nyembamba kuliko ya kutolea. Ujue waranti imekwisha hapo.

Ya pili ni ya mwenye uzi kuhusu HEPA: mpe mashine hewa safi ya kuvuta. Feni yenye chujio iingize kiasi kinachozidi kile AC inachotupa. Utalipa stima zaidi kwa sababu unapoza hewa mpya muda wote, lakini kuvu haiingii.

Jambo lingine watu hawasomi: mashine nyingi mpya za magurudumu zina gesi ya R290, yaani propani, inayowaka moto. Ni kidogo na ni salama ikikaa vizuri, lakini kibandiko kinaandika ukubwa wa chini wa chumba. Usiiweke kwenye chumba kidogo kuliko hapo, na usiwashe taa ya spiriti ya kuchomea visu karibu nayo.

MicheSafi_Kisumu

Hilo la spiriti nalisisitiza. Kupandikiza kufanyike chumba kingine, cha kukuzia kiwe cha kukuzia tu.

Mpangaji, niongeze la maji. Kwa unyevu wetu, ndoo ya ndani ya mashine inajaa, na ikijaa mashine inajizima kimya. Unganisha mpira wa kutoa maji tangu siku ya kwanza, uteremke hadi kwenye dumu lenye mfuniko. Maji yaliyotuama wazi kwenye chumba cha miche ni bustani nyingine ya kuvu.

Na usipuuze kupanda na kushuka kwa joto hata kama wastani ni mzuri. Joto likishuka digrii moja, hewa ndani ya chupa inasinyaa kwa kama sehemu moja ya mia tatu, na chupa inavuta kidogo ya nje kupitia kifuniko. Likipanda, inatoa. AC inayowaka na kuzima kwa tofauti ya digrii tatu inazipumulisha chupa zako mchana kutwa. Weka kipimajoto kinachorekodi cha juu na cha chini, ukiweke rafu ya katikati, usitegemee namba ya kwenye mashine kwa sababu inapima pua yake yenyewe.

Viazi_Nakuru

Wewe mwishowe ulinunua nini?

MicheSafi_Kisumu

AC ya ukutani ya inveta, BTU 9,000. Sehemu ya moto iko nje kabisa, kinachopita ukutani ni paipu mbili nyembamba za gesi, waya na mpira wa maji, na tundu lake fundi alilijaza silikoni pande zote. Hewa ya ndani inazunguka ndani. Kompresa ya inveta haizimi na kuwaka kila mara, inapunguza mwendo, kwa hiyo joto langu sasa linacheza ndani ya digrii moja.

Ile ya magurudumu ilikuwa inakula wati 1,300 hivi, kompresa ikifanya kazi saa 14 kwa siku. Hiyo ni yuniti 18, na ukichukulia shilingi 30 kwa yuniti, ni shilingi 540 za tokeni kila siku. Hii ya sasa, pamoja na dari niliyoweka chini ya mabati na saa za taa nilizogeuza, inakula yuniti sita au saba. Dari ningeiweka kwanza kabla ya kununua chochote. Niliiweka mwisho.

Ile ya paipu moja sikuitupa. Iko kwenye chumba cha kuzoeshea miche, ambako chupa zimekwisha kufunguliwa, mimea iko kwenye udongo, na hewa ya nje kuingia hakuna neno. Hapo inafaa kabisa.

Mpangaji_Milimani

Nimejaribu udi leo jioni, hata kabla ya kununua AC, kwa kutumia feni ya choo iliyo upande wa pili wa ukorido. Moshi uliingia chumbani kwangu kupitia tundu la soketi ambalo sikuwahi kuliona. Kesho naziba, kisha naanza na kisanduku cha plaiwudi. Fundi, nikikuletea vipimo vya wavu wa nyuma utanikatia?

Fundi_Kondele

Lete mashine yenyewe, vipimo pekee havitoshi. Nikiwa nayo nitahisi kwa mkono ni wavu upi unavuta wa moto. Na uje na paipu yake.

MicheSafi_Kisumu

Binti anayenipandikizia anauliza niongeze: mkiziba tundu la soketi, zimeni stima kwenye meni swichi kwanza. Amesema wiki tatu za ukungu zinatosha, hataki kusikia mtu amepigwa na umeme kwa sababu ya uzi wetu.